Sura ya Saba: Waliopanda Treni na Waliobaki Mwaloni

Mwishoni mwa Desemba 2019 treni iliyokodiwa na mwanamuziki iliondoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Diamond Platnumz alikuwa ndani, pamoja na wasanii wa lebo yake, waandishi wa habari na wapambe wa kila aina, na njiani watu walijaa vituoni kumwona. Tarehe 31 usiku alipanda jukwaani Uwanja wa Lake Tanganyika kuadhimisha miaka 10 ya kazi yake, akihesabu tangu enzi za "Kamwambie". Mji mzima ulitoka kumpokea mwanawe. Mwana mwenyewe amekulia Tandale, Dar es Salaam.

Hilo halikumsumbua mtu. Kigoma ina desturi ya kudai watoto wake popote walipo, na haioni haya. Mwaka 2012, kwa msukumo wa Zitto Kabwe ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, wasanii wenye asili ya mkoa huu walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo "Leka Dutigite". Jina la wimbo ni la Kiha. Waimbaji walikuwamo Diamond na Ali Kiba (wimbo mmoja, ndiyo, wote wawili, mashabiki wa kambi zao leo wakikumbushwa hubaki wanatikisa kichwa), Mwasiti, Linex, Peter Msechu, Ommy Dimpoz, Queen Darleen, Recho, Baba Levo na wengine. Orodha ya kutamanisha. Lakini fuatilia njia ya kila mmoja uone inakopita. Ali Kiba ni mtoto wa Kariakoo. Mwasiti na Recho walinolewa katika nyumba ya vipaji ya THT. Msechu alijulikana kupitia Bongo Star Search, kisha mwaka 2010 akashika nafasi ya pili katika Tusker Project Fame kule Nairobi. Ukoo ni wa Kigoma. Ufundi ulipatikana mwisho mwingine wa reli.

Kwa hiyo kijana wa Mwanga au Gungu, mitaa ya Kigoma mjini, anayerekodi wimbo wake wa kwanza kwenye kompyuta ya rafiki, ukimuuliza nani kamvutia, atataja majina hayohayo, na siku hizi ataongeza Mnaijeria mmoja au wawili. Jibu hilo ni la kweli, ila linaeleza anakotaka kufika. Halielezi alikotoka. Ukimsikiliza akiimba, au ukimtazama mwenzake anayechora, utagundua kwamba waliomfundisha ni watu wengine kabisa, ambao hajawahi kufikiria kuwaita walimu. Wengine walikuja kwa boti, wengine kwa miguu wakikimbia vita, na wengine alikuwa anawasikia kila Jumapili au kila Alhamisi usiku bila kujua kwamba yuko darasani. Sura hii inawafuata hao. Kama mkoa huu una mtindo wake, basi umetoka kwao, na treni ya 2019 ilifika tu kuuchukulia sifa.

Tuanze na maji. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na reli hiyo ilifika hapa mwaka 1914. Upande wa pili uko ziwa, na siku hewa ikiwa safi milima ya Kongo unaiona kwa macho yako. Boti za Kibirizi na Ujiji huenda na kurudi na mizigo, na mizigo hiyo haijawahi kuwa mafuta ya mawese na vitenge peke yake. Gitaa limepita humo pia.

Miaka ya 1950 Katanga, huko Kongo, ilikuwa na wapiga gitaa waliopiga nyuzi kwa vidole viwili, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikitembeza wimbo juu yake, kiasi kwamba mtu mmoja anasikika kama wawili. Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na wimbo wake "Masanga" ukatembea dunia. Edouard Masengo akafuata mkondo huohuo. Sisi kilichotufaa zaidi ni kwamba waliimba Kiswahili. Kiswahili cha migodini, chenye lafudhi yake na maneno yake, lakini mvuvi wa Ujiji alikielewa bila mkalimani. Muziki wa Kinshasa ulikuja baadaye kwa Kilingala, na watu wakaupenda bila kujua unasema nini. Huu wa Katanga uliingia kama mgeni anayejua kubisha hodi.

Anayetaka kujua gitaa hilo lilifanya nini upande wetu amtazame Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma aliyekuja kuwa mhimili wa Tabora Jazz. "Kalubandika" ni utunzi wake, na ni moja ya nyimbo chache za miaka hiyo ambazo hata kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 akizisikia harusini huinuka. Tabora wakati huo ilikuwa na bendi zake kubwa, na reli ilizipa wapigaji kutoka pande zote. Karenga alichukua alichokisikia kwenye ufuko akakisogeza vituo kadhaa mashariki. Alifariki Desemba 2014, na magazeti yakamwandika kama mkongwe wa Tabora. Kigoma haikumdai kwa kelele ilizomdai nazo Diamond. Hilo linanikera kidogo, maana kama kuna mtu aliyebeba sauti ya ziwa hili hadi katikati ya nchi, ni huyo.

Mwingine ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akajijengea jina na Super Matimila. Kindu iko Maniema, nchi ileile ambayo watu wake, kwa hiari na kwa minyororo, waliletwa Ujiji katika karne ya 19 na misafara ya pembe na watumwa, wakabaki, wakasilimu, wakawa Wamanyema wa Ujiji, na baadaye wakasambaa hadi Kariakoo. Ongala alipoimba mambo ya maskini, ya kifo, ya UKIMWI, kwa Kiswahili kilichobeba Kongo ndani yake, wazee wengi wa Kariakoo walikuwa wanamsikia ndugu yao aliyechelewa kufika.

Mwelekeo huu haujakatika. Nenda kaskazini mwa ziwa, Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, utakuta Kiswahili kinazungumzwa majumbani na nasaba zinazorudi Ujiji. Burundi ndiko alikotoka Khadja Nin, ambaye "Sambolera" yake ya mwaka 1996 iliwafikishia watu wa Ulaya Kiswahili cha ziwa hili kabla Bongo Fleva haijawa na jina la kueleweka nje. Ndiko alikotoka Kidum pia, aliyehamia Nairobi na kuimba mapenzi kwa Kiswahili laini hata Wakenya wakamwona wao. Diamond naye alipotoa "Inama" na Fally Ipupa mwaka 2019 na "Waah!" na Koffi Olomide mwaka uliofuata, wachambuzi wa Dar waliiona ni biashara, na ni biashara kweli. Kwa mtu wa Kigoma hakuna jipya hapo: ni jirani amemwita jirani.

Sasa tuingie ndani, misikitini na makanisani.

Ujiji ni mji wa Kiislamu, na tariqa ya Qadiriyya imekita mizizi hapo tangu mapema karne ya 20, ikavuka hadi Burundi na Kongo. Zikri ni shule ya mapigo: kikundi kinaanza polepole, pumzi inakuwa ngoma, mwongozaji anapandisha mwendo bila kusema neno, na kila mtu anajua lini aingie. Mtoto wa madrasa hujifunza kasida na dufu kabla hajajua kusoma noti, na wengi hawajui noti hadi leo. Zile sauti za kupinda na kuzungusha neno moja juu ya mawimbi matano, ambazo wasikilizaji wa Bongo Fleva huzisifia, zina baba na mama. Mara nyingi baba ni ustadhi fulani aliyekuwa na fimbo.

Kwa upande wa makanisa, nguvu iko kwenye kwaya. Mkoa wa Kigoma, hasa kuanzia Kasulu hadi Kibondo, umejaa kwaya za Kipentekoste, za Kianglikana na za Kikatoliki, na wakimbizi waliongezea za kwao. Ukivuka mpaka wa mkoa kuingia Tabora unakuta Ulyankulu, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na Kwaya ya Barabara ya 13 iliyotoka huko imesikika katika kila nyumba iliyokuwa na redio ya kaseti. Kwaya inafundisha kitu ambacho studio ya kompyuta haifundishi: kushika sauti yako wakati jirani anaimba nyingine. Christina Shusho, mwimbaji wa injili mwenye asili ya Kigoma, amejaza kumbi ndani na nje ya nchi. Sisemi kila mwanamuziki amepitia kwaya. Nasema hata asiyekwenda kanisani alikulia jirani na mahali wanapofanya mazoezi jioni, na mazoezi ya kwaya hayana siri. Mtaa mzima unajua soprano wapi wamekosea.

Kisha kambi ya wakimbizi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia Kivu Kusini, na mwaka 2015 Warundi wakaanza kuingia kwa maelfu. Kwa miaka mingi imekuwa na zaidi ya watu 100,000, wengi kuliko wilaya nyingine zinavyoweza kujaza mji wao mkuu. Tanzania inaizungumzia kama mzigo au kama suala la usalama. Sijasoma popote ikizungumziwa kama mahali penye sanaa, ingawa huwezi kuweka watu wengi hivyo, wengi wao vijana, bila ruhusa ya kutoka na bila kazi ya kutosha, halafu wasiimbe. Wanaimba, wanacheza, wanaigiza, wanachora kwenye kuta za matofali ya udongo. Wana kwaya zenye maelewano ya Kikongo ambazo hufanya kwaya za mjini zijisikie wanafunzi.

Na wana ngoma. Ngoma za Kirundi zinazochongwa kwenye gogo zima, zinazopigwa kwa pamoja huku mmoja mmoja akitoka mbele kucheza na kuruka, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Oktoba 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri kwamba wanawake wasizipige, na kwamba maonyesho nje ya shughuli rasmi yahitaji kibali na malipo. Ngoma iliyokuwa ya mfalme ikarudi mikononi mwa dola. Lakini amri ya Burundi haivuki mpaka, na Waha wa Kasulu na Kibondo, ambao lugha yao na Kirundi zinaelewana, hawajawahi kuiona ngoma hiyo kuwa ya watu wengine. Msanii wa Kigoma anayetaka mdundo usiopatikana Lagos wala Johannesburg anao umbali wa safari moja ya basi. Wachache wanautumia. Wengi bado wanapakua mdundo uliotengenezwa na mtu wasiyemjua katika nchi wasiyoijua, kwa sababu ni bure na unafanana na wimbo unaopigwa redioni. Siwalaumu sana, kumrekodi mpiga ngoma wa kweli kunahitaji maikrofoni nne na chumba, na kijana ana moja na godoro ukutani.

Nimekaa muda mrefu kwenye sauti, na jicho je?

Kigoma haina chuo cha sanaa. Anayetaka kusomea uchoraji atafikiria Butimba kule Mwanza, au Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kila mojawapo ni safari ndefu. Mtindo wa Tingatinga unaouzwa kwa watalii ulizaliwa Dar es Salaam, na ukikutana nao hapa ujue umeletwa. Mtu anaweza kuondoka akidhani mji huu hauna wachoraji. Ashuke mwaloni.

Mwalo wa Kibirizi, au wa Katonga, ni ukumbi wa maonyesho ambao hakuna aliyeuita hivyo. Kila boti ya uvuvi ina namba ya usajili kwa lazima ya sheria, na juu ya lazima hiyo ina jina kwa mapenzi ya mwenyewe: aya, dua, kijembe kwa jirani, jina la mama, jina la timu. Herufi zina kivuli upande mmoja ili zisomeke kutoka mbali. Ubavuni kuna mistari ya bluu, nyeupe, nyekundu, na mbele mara nyingine jicho, au nyota, au samaki. Mwandishi wa haya yote ni yule anayeandika pia vibao vya saluni, kuta za maduka ya dawa, na mabango ya shule. Anaitwa fundi rangi au mwandika mabango, na akisikia neno msanii hugeuka kuangalia nani ameingia.

Kazi yake ina kanuni ngumu. Ubao wa boti umepinda, kwa hiyo herufi iliyonyooka kwenye karatasi italala ukiiweka ubavuni. Lazima uipindishe kinyume ili ionekane imesimama. Rangi ya mafuta inayokauka haraka hupasuka maji yakiingia na kutoka kwenye mbao. Inayokauka polepole hukusanya mchanga na mbawa za wadudu. Jina refu huishia mahali kamba inaposugua. Hakuna nafasi ya kurudia, maana mwenye boti amesimama pale na ana safari. Na kazi ina majira yake. Dagaa na mgebuka huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za sola, na mbalamwezi ikijaa taa hazina maana, samaki hawakusanyiki. Siku hizo wavuvi hupumzika, nyavu hushonwa, boti hupandishwa kukarabatiwa, na fundi rangi anakuwa mtu anayetafutwa. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, boti zilikaa mchangani muda mrefu kuliko mbalamwezi yoyote. Kwa mwenye boti ilikuwa njaa, na mwenye njaa hanunui rangi.

Hizo rangi zimetoka wapi? Sehemu ya jibu ni vitenge. Kigoma inajulikana nchi nzima kwa vitenge vinavyoingia kupitia Kongo na Burundi, na mgeni akiaga huku huagizwa pea mbili tatu. Kitenge cha bei kubwa kinatoka Uholanzi, kwa Vlisco, kampuni iliyoanza Helmond mwaka 1846. Cha bei ndogo kinatoka China na kinaiga kile cha kwanza. Mtoto anayekua katikati ya nguo hizo anajifunza kuweka chungwa kando ya zambarau bila kuogopa, na anajifunza kurudia umbo moja hadi lishike uso mzima. Watu wa Ujiji walikuwa wachaguzi wa rangi na maumbo kabla ya hapo. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta sokoni shanga zinazoitwa sofi, zenye umbo la kipande cha kiko kilichovunjika, zikitumika kama fedha, na wabadilishaji wakizitoa soko linapoanza kwa kubadilisha na shanga nyingine na kuzipokea tena linapofungwa. Ukikosea shanga, ulilala njaa na mzigo wako mkononi.

Sehemu nyingine ya jibu inatupeleka tena ng'ambo, na hapa ndipo ninapotaka kila kijana anayechora asome polepole.

Mwaka 1973 huko Kolwezi, katika Shaba, jina la Katanga wakati huo, mchoraji kijana aitwaye Tshibumba Kanda Matulu alibisha mlango wa mwanaanthropolojia Johannes Fabian akiwa na picha za kuuza. Alizaliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Alichora kwenye magunia ya unga yaliyotandazwa juu ya fremu, kama wenzake wengi wa mji huo, na wateja wake walikuwa wafanyakazi wa migodi na makarani waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Soko lilikuwa na mada zake. Kulikuwa na mamba muntu, mwanamke nusu samaki anayeleta utajiri kwa masharti mabaya. Hiyo iliuzika kuliko zote. Kulikuwa na gereza la enzi za Wabelgiji, mfungwa akichapwa mbele ya bendera. Picha iliyopendwa watu waliiita ukumbusho, na kazi yake ilikuwa kuwafungua wageni midomo: unakaa chini ya picha, unaanza kusimulia.

Tshibumba alitaka zaidi ya hapo. Alimwambia Fabian kwamba anaweza kuchora historia yote ya nchi yake, na ndani ya mwaka mmoja hivi akachora: picha 101, kuanzia kabla ya Wazungu, kupitia mfalme Msiri, Wabelgiji, Lumumba na vita vya kujitenga kwa Katanga, hadi wakati wake. Wakakaa chini na kinasa sauti. Mchoraji akaeleza kila picha, alivyoifikiria, alichokisikia kwa wazee, alichokisoma, kilichobuniwa na kwa nini. Mazungumzo yale yote yalifanyika kwa Kiswahili. Fabian alikuja kuyachapisha pamoja na picha katika kitabu mwaka 1996, lakini Tshibumba hakukiona. Baada ya 1981 hakuna aliyejua aliko.

Najua wasomi wetu wanaoamini kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuzungumzia uchoraji, kwamba ukitaka kueleza mtungo wa picha au mvutano wa rangi lazima ukope. Wakasome yale mazungumzo. Fundi aliyejifunza mwenyewe, anayeishi kwa kuuza picha mlango kwa mlango, anatetea kila uamuzi wake kwa Kiswahili cha mgodini, anabishana na profesa, na mara nyingine anamshinda. Anasema kazi yake ni ya mwanahistoria. Na kama waandika boti wa Kibirizi, anaandika maneno ndani ya picha. Jina la mtu, la mahali, mwaka. Hakuona maandishi yanaharibu uchoraji. Mtazamaji wake alikuwa mtu anayesoma kibao cha duka na picha ya ukutani kwa jicho lilelile.

Kitu kimoja hakukiacha: alitia saini. Tshibumba K.M., kwenye kona, hata kwenye picha aliyoirudia mara nyingi kwa wateja tofauti kwa bei ya kumalizia wiki.

Sasa rudi Ujiji, mahali pa kumbukumbu ya Livingstone. Kuna mnara wenye ramani ya Afrika iliyochongwa msalaba, kuna miembe inayosemekana kuwa wajukuu wa ule ambao yeye na Stanley walikutana chini yake mwishoni mwa 1871, na ndani ya jumba kuna sanamu za karatasi, kubwa kama watu, Stanley na Livingstone wakisalimiana, pamoja na michoro ya mchoraji wa hapahapa. Vizazi vya watoto wa shule vimepelekwa kutazama. Kwa wengi hiyo ndiyo sanamu ya kwanza, na pengine ya pekee, waliyowahi kusimama mbele yake. Fikiria maana yake: mji uliopokea misafara, uliotoa tariqa, uliobadilisha shanga, uliojaza Kariakoo, kazi yake ya sanaa inayojulikana kuliko zote inaonyesha wageni wawili wakivuliana kofia. Waliokuwa wamesimama pembeni siku ile, wenyeji wenye mji, ni mandhari.

Mchoraji aliyezifanya picha zile alipewa mada, akaifanya. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na sisi wengine ambao hatujampa nyingine. Hakuna aliyekaa na fundi rangi wa Katonga na kinasa sauti kumuuliza kwa nini jicho la boti linatazama chini. Hakuna aliyemlipa mtu achore kuzama kwa meli ya Wajerumani iliyozamishwa makusudi mwaka 1916, kuibuliwa kwake mwaka 1924, na kurudi kwake kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ingawa karibu kila familia ya ufukweni ina mtu aliyewahi kuipanda na anayejua kusimulia. Hakuna picha ya 1972, ya 1996, wala ya 2015 kutoka upande wa mtu aliyesimama ufukweni akiona boti zinakuja zimejaa kupita kiasi. Picha 101 za ziwa hili zipo, ila ziko vichwani.

Kazi inayokua kwa sasa ni nyingine. Kila wimbo unaopandishwa mtandaoni unahitaji kava, na kijana aliyeanza kwa kuandika vibao vya saluni ameshika simu anatengeneza makava. Uso wa mwimbaji katikati, moshi wa zambarau, ziwa nyuma, herufi zenye kivuli upande mmoja zisomeke kutoka mbali, hata kama mbali kwa sasa ni kioo cha inchi sita. Mwimbaji na mchoraji, ambao miaka 20 iliyopita wasingekuwa na sababu ya kujuana, wanakaa benchi moja nje ya duka la vocha wakibishana kuhusu rangi ya jina. Mwimbaji anataka lifanane na la wasanii wa Dar. Mchoraji anataka kuweka mistari ya boti. Kwa kuwa anayelipa ni mwimbaji, mara nyingi mistari inaondoka, lakini nimeona makava kadhaa ambayo ilibaki, na yalikuwa mazuri kuliko nyimbo zenyewe.

Kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo, mchoraji huweka namba yake ya simu. Jina haliweki. Ukimuuliza atakuambia jina halimleti mteja.